Aliyeanguka ni Hallam au Mordek?

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki: habari hii ni ya kweli tupu, sijaongeza hata nukta. Niliendesha basi Oldham, mji wa vilima na baridi, miaka thelathini na moja, na dereva anayeshuka vilima vile wakati wa barafu hapati nafasi ya kujifunza uongo. Someni bila wasiwasi.

Ilikuwa Januari, mwaka 1968. Janice, binti wa dada yangu Doris, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi asubuhi alisugua kizingiti cha mlango wa mbele mpaka kikang'aa, kwa sababu mtaani kwetu nyumba ilihukumiwa kwa kizingiti chake. Mchana alitumwa mkate. Lakini ikifika saa kumi na moja na nusu jioni, hata paa lingeng'oka asingeondoka mbele ya televisheni. Ilikuwa saa ya Kapteni Hallam.

Hallam alikuwa nahodha wa chombo cha anga, na majira yale alikuwa na balaa. Katika sayari ya mbali alikuwapo mtawala katili aitwaye Mordek, aliyefanana naye kama nakala. Mwigizaji alikuwa mmoja, kwa hiyo sura ilikuwa moja na sauti moja. Tofauti yao ilikuwa nywele tu: Hallam alizigawa upande wa kushoto, Mordek upande wa kulia. Sasa Mordek alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hallam, na mabaharia wote wakimpigia saluti bila kujua. Watoto wa Oldham walikuwa hawalali.

Rafiki wa Janice, Hilary Crabtree wa nyumba ya jirani, hakuweza kutazama. Aliteleza kwenye barafu, akavunjika mguu, na wodi ya watoto haikuwa na televisheni. Siku zile kipindi kikipita kimepita, hakirudiwi. Basi kila Jumapili Janice alikwenda kumsimulia. Kwa kuwa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili hawakuruhusiwa kuingia wodini, alisimama juu ya kreti nje ya dirisha, na Hilary akasikiliza kitandani.

Plasta ngumu ya mguu ilikuwa imeshatolewa. Nesi alimtaka Hilary atembee hatua ishirini kila siku kwa magongo. Ziliuma sana. Alizitembea akinong'ona, "Hallam asingekaa kitandani. Hallam asingekaa kitandani."

Jumamosi ya sehemu ya mwisho ikafika, na antena ikaleta vituko. Janice akiishika nyuma ya seti, karibu na dirisha, picha inatulia, lakini yeye haioni. Akiiachia aje mbele, inajaa chenga. Doris alikuwa jikoni anakaanga chipsi. Mimi nilikuwa uwanjani kutazama mpira. Sebuleni hakukuwa na mtu mwingine.

Janice akabaki ameshika antena. Hallam na Mordek walikuwa wanapigana kwenye mlango wa chombo, na mlango uko wazi.

"Mimi ndiye Hallam," ilisema sauti.

"Mwongo, Hallam ni mimi," ilijibu sauti ileile.

Kishindo. Ukelele mrefu ukipotelea mbali. Janice akaachia antena, akaruka mbele ya seti. Chenga tupu. Akarudi mbio kuishika, akasikia muziki wa mwisho.

Kesho yake alipanda kreti.

"Haya, sema upesi," Hilary akasema, shingo ameinyoosha kitandani. "Nani ameanguka?"

Janice angeweza kujibu kwamba hakuona. Lakini kwa wiki sita yeye ndiye alikuwa mwenye habari, na utamu wa cheo hicho ulikuwa umemkolea.

"Hallam," akasema. "Mordek kamsukuma nje."

"Umeona wewe?"

"Kwa macho yangu haya."

Hilary akajifunika blanketi.

Jumatatu, kwenye uwanja wa shule, Neville Shuttleworth alikuwa amekaa juu ya pipa la taka, nywele amezilowesha na kuzigawa kushoto.

"Mabaharia, chombo chetu kimerudi," alitangaza.

"Si Hallam alianguka?" Janice akauliza.

"Alianguka wapi? Mordek ndiye aliyekwenda, kichwa chini, miguu juu. Kwani wewe ulikuwa unatazama nini, ukuta?"

Wakacheka wote. Janice hakucheka.

Jumatano, mama yake Hilary alimwambia Doris kutoka ng'ambo ya ukuta wa uani, "Hilary amegoma, mwenzangu. Tangu Jumapili hajaukanyagia ule mguu. Ati kama Hallam mwenyewe kashindwa, yeye nani. Daktari anasema misuli ikikaza sasa, atachechemea maisha yake yote."

Janice alikuwa mlangoni na kipande cha mkate mdomoni. Akakitoa, akamwambia mama yake yote palepale. Doris hakumgombeza. Alimrushia koti.

"Kamwambie na yeye. Basi la saa kumi linaondoka."

Lakini Hilary alisikiliza ungamo lile kwa uso mkavu.

"Mama ndiye kakutuma, ili nitembee."

"Hapana, Hilary, kweli sikuona. Nilikuwa nimeshika antena."

"Jumapili uliona kwa macho yako. Leo hukuona. Nimwamini Janice yupi?"

Akageukia ukutani.

Njia nzima ya kurudi Janice alilia, akiwaza mguu ule ukikauka kwa ajili ya neno lake moja. Alhamisi akafanya jambo gumu kuliko yote. Alisimama mbele ya darasa, akaeleza alivyodanganya, akaomba msaada. Neville alijiandaa kumcheka, kisha akasikia habari za kuchechemea.

"Mimi nitakuwa Mordek," akasema. "Najua kuanguka vizuri."

Jumapili, theluji ikiwa imefika magotini (kwa watu wafupi, mabegani), watoto kumi na tisa waliingia bustani ya hospitali. Walikuwa na ndoo kichwani kwa kofia za anga, na meza ya kupigia pasi kwa mlango wa chombo. Janice alikuwa Hallam, nywele kushoto. Neville alizigawa kulia, na maji yaliganda yakawa kama waya.

"Mimi ndiye Hallam," alinguruma Neville.

"Mwongo, Hallam ni mimi," akajibu Janice, akamrukia.

Walibingirika. Mabaharia wakapiga kelele. Wodini vichwa vikajaa dirishani. Sista Ormerod, mkuu wa wodi, mwanamke aliyeogopwa hata na madaktari, alitoka akipiga hatua kubwa.

"Nani kawaruhusu kugeuza hospitali yangu soko?"

"Sista, tafadhali, imebaki mmoja aanguke," Janice akasema akihema. "Nilimdanganya mgonjwa wako. Naomba nimalizie ukweli."

Sista alitazama dirishani. Hilary alikuwa ameketi wima kitandani, macho yametoka.

"Dakika moja," Sista akasema. "Na aanguke kimyakimya."

Neville alipepesuka, akaanguka chini ya dirisha kwa ukelele uliosikika mpaka kituo cha basi. Sasa kutoka kitandani hakuonekana tena.

"Ni nani?" Hilary akaita. "Kaanguka yupi? Sioni."

"Njoo uone mwenyewe," Janice akajibu.

Magongo yakagonga sakafu. Moja. Mbili. Uso wa Hilary ukatokea kwenye kioo, mwenyewe amesimama kwa miguu miwili. Akachungulia chini.

"Nywele kulia," akasema, akaanza kucheka. "Ni Mordek. Pumbavu sana, Mordek."

Sista Ormerod alimpangusa Janice theluji begani.

"Kusema 'sikuona' kungekupa aibu ya dakika moja," akamwambia. "Kusema 'nimeona' nusura kumgharimu mwenzako mguu. Ukiwa hujui, sema hujui. Na ukishakosea, rekebisha kama ulivyofanya leo, mbele ya watu."

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikaridhika, nikampa Janice asome. Sasa ni bibi mwenye wajukuu wanne. Alisoma, akavua miwani.

"Mjomba Wilf, siku ile mpira uliahirishwa, uwanja uliganda. Ulikuwa kwenye kiti, mbele ya televisheni. Nilikuuliza nani kaanguka."

Nikakohoa.

"Ulikuwa unakoroma. Ukafumbua jicho moja, ukasema, 'Hallam, kwisha habari yake.' Uongo wangu ni kusema niliona. Ule wa kwanza ni wa nani?"

"Mbona hukunitaja miaka yote hii?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Akanipa simu, namba ya Hilary tayari inaita. Nikaungama yote. Upande wa pili Hilary alicheka mpaka akakosa pumzi, kisha akataja malipo: nipande naye kilima cha Hartshead, mguu kwa mguu, bila kuingia kwenye gari.

Tulikwenda jana. Yeye ana miaka sitini na kitu, mimi themanini na saba. Alitangulia kwa mwendo wa kijana anayewahi kazi, na kila nilipoketi juu ya jiwe aligeuka kunitazama.

"Umechoka, Wilf?"

Nilitaka kusema natazama mandhari.

"Nimechoka," nikasema, nikainuka, nikamfuata.