Nondo ya Shaba Uani

Kitasa cha mlango wa Eucabeth kiliacha kupiga shoti siku ya Jumanne. Jumatano kikawa na joto, na jua lilikuwa upande wa pili wa jengo.

Jengo hilo la Homa Bay lilikuwa stoo ya pamba hadi mwaka wa 1995, mwenye jengo alipoligawa kuwa nyumba kumi na mbili za kupangisha. Aling'oa mabomba ya chuma akaweka ya plastiki, wala hakujua kwamba waya wa ardhi wa stoo nzima ulifungwa kwenye bomba la zamani. Waya ukabaki unaning'inia, na kila mlango wa chuma ukawa unauma wapangaji.

"Stima ikikosa njia ya kwenda chini, inapitia kwa mtu," aliwaambia Jumanne hiyo fundi wa stima Matiko, Mkuria wa upande wa Migori. Akagongelea nondo ndefu ya shaba uani, akaunganisha nyaya zote pale. Nondo iliingia kwa mapigo manne tu ya nyundo. Alikuna kichwa, kisha akamgeukia Eucabeth. "Mama, wewe ndio uko karibu. Hii kiangazi umwagie maji ya chumvi kila siku, ndio ishike ardhi poa."

Eucabeth alikubali upesi. Alikuwa mjane, Msabato kutoka Kisii, mshonaji wa sare za shule, na hakujaliwa mtoto. Tangu amzike mumewe mwaka uliopita, binadamu alimgusa Jumamosi tu, mikono ikipeanwa mlangoni pa kanisa. Ukipewa kazi ya kila siku, angalau kuna kitu kinachokungoja.

Basi akamwagia. Na Ijumaa mchana, wengine wote wakiwa sokoni na kazini, kitasa kilimshika.

Kilimshika kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayeogopa kukataliwa. Harufu ya pamba iliyolowa ikajaa kizingitini. Eucabeth alichomoa mkono, akakimbilia cherehani, akashona kola nzima upande. Alishona hadi saa kumi. Kisha akarudi mlangoni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wiki tatu alishikwa mkono kila mchana. Alikonda, viganja vikapauka, na Caren, jirani yake wa ghorofani, alimkuta mara mbili amesimama mlangoni akinong'ona. Ni Caren aliyemwita fundi.

Matiko alipima kitasa. "Hakuna kitu hapa." Akaenda uani, na huko sauti yake ikashuka. "Nani amegongelea hii nondo?"

"Hakuna mtu," Eucabeth akajibu.

"Niliiacha ikifika magoti. Saa hii imebaki kidole." Akachuchumaa, akatulia, na Eucabeth, aliyesimama nyuma yake, akaiona shaba ikishuka unywele mmoja, ikatulia, ikashuka tena, na waya uliotoka pale ukipanda ukutani hadi mlangoni kwake ukakazika ukilia kwa sauti nyembamba, na harufu ile ya pamba ikaja nzito mpaka Caren akaziba pua kwa leso, na Eucabeth, badala ya kukimbia kama wenzake walivyotaka kukimbia, akajikuta amepiga hatua moja mbele.

"Usiitoe," alimnong'oneza fundi. "Tafadhali, baba."

"Mama, inavutwa. Ikimaliza nondo itavuta waya. Ikimaliza waya itavuta mwenye ameshika mlango."

Walichimba wakaizunguka, wakaing'oa kwa kamba, wanaume watatu. Jioni Matiko alikuwa amegongelea nyingine upande wa barabarani, penye mwamba, kwa nyundo mia na zaidi. Shimo la uani alilifunika kwa bati. Simiti angeleta kesho.

Usiku ule kitasa kilikuwa chuma tu. Eucabeth alikishika hadi kikapata joto la mkono wake mwenyewe, akalia kuliko alivyolia mazishini.

Kesho yake adhuhuri Caren alirudi kutoka soko la samaki akaona bati limetupwa kando. Eucabeth alikuwa amelala kifudifudi, mkono wa kulia umezama shimoni hadi begani, shavu juu ya udongo.

"Uwi! Nyar Kisii!" Caren alimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo, akamkumbatia kiunoni akavuta. Hakusogea. Aliita watu, wawili wakashika miguu, wakavuta mpaka bega likalia.

"Mniache," Eucabeth alisema taratibu.

"Kimekushika! Vuta, nyar Kisii, jivute na wewe!"

Eucabeth alifungua macho. Yalikuwa yametulia, na Caren aliogopa utulivu ule kuliko shimo lenyewe.

"Hakijanishika," akasema. "Kimekuwa kikihangaika kujinasua tangu asubuhi. Ni mimi nimekishika."