Gari Lililokataa Kuzimika

Kaka yangu Muthama alinunua gari mwaka wa 1987, na siku aliyolileta nyumbani alituita sote, mama akiwemo, tuje tulisikilize. Si kuliangalia. Kulisikiliza. Lilikuwa gari dogo kuukuu la dizeli, rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi, lenye mlango mmoja kila upande na kifuniko cha mizigo nyuma. Injini yake ililia ka-ka-ka-ka, taratibu, bila kupungua wala kuzidi. Muthama alikuwa fundi wa cherehani. Alisimama karibu na boneti, kichwa amekiinamisha, akatuambia kwamba hiyo ni sauti ya mashine ambayo haijui kuchoka.

Alikuwa amelipata mjini Kitui, kwa mtu mmoja anayeitwa Mulei. Muthama alikuwa akizunguka sana siku hizo, leo Kasikeu, kesho Makindu, keshokutwa Mbumbuni, kisanduku cha vifaa mkononi, akitengenezea watu cherehani. Gari la petroli lingemmaliza. Hili la Mulei, alivyosema, halikunywa mafuta, lililamba tu. Aliendesha kutoka Kitui kupitia Machakos mpaka kwetu, na mshale wa mafuta ulisogea kidogo sana, hata akadhani umeharibika.

Jambo moja tu alilisimulia siku ile, tena akicheka. Mulei alikataa kuingia naye garini walipokuwa wakilijaribu. Alimpa ufunguo juu ya ua, akamwambia aende peke yake, azunguke mji. Muthama alizunguka kwa muda wa robo saa. Aliporudi alimkuta Mulei ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta. Mulei alimtazama akishuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Umerudi?"

Miezi mitatu ya kwanza hatukuona ubaya wowote. Asubuhi kaka aligeuza ufunguo nusu, akangoja taa ya hita ya injini izime, kisha akaliwasha, na watoto wa jirani wakajua saa ya kwenda shule imefika. Jumapili tulikwenda kanisani tukinuka dizeli, na Ndila, mke wake, alikaa mbele mkoba mapajani kama mke wa mbunge. Kaka alijaza tangi Sultan Hamud mara moja, akasahau habari ya mafuta kwa wiki nyingi.

Kisha gari likaanza kuchelewa kuzimika.

Mwanzoni ilikuwa sekunde chache tu. Alichomoa ufunguo, injini ikaendelea ka-ka-ka, halafu ikanyamaza. Jonah, makanika wa Kasikeu, alimweleza kwamba dizeli kuukuu hufanya hivyo, kile kifaa cha kukata mafuta kinachoka. Alimfundisha njia ya madereva: weka gia ya nne, kanyaga breki, achia klachi ghafla, litajinyonga lenyewe. Kaka akafanya hivyo kila siku. Sekunde zikawa dakika. Na aligundua kitu kingine, ambacho hakumwambia Jonah kwa sababu aliona aibu kukisema: wakati ule wote injini ilipokuwa ikiendelea bila ufunguo, mlango wake ulikuwa mgumu kufunguka.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko Mbumbuni, mwezi wa Septemba, jua kali. Mimi nilikuwa nikiuza vitambaa pale. Saa tatu asubuhi nililiona gari la kaka likija, likasimama hatua kumi kutoka kwa meza yangu. Nikamwona ndani. Alinitazama, akatabasamu, akainua mkono. Nami nikampungia mkono, nikaendelea kumpimia mteja kitambaa.

Nataka msomaji ajue hilo kabla sijaendelea. Nilimpungia mkono.

Haya mengine alinieleza yeye mwenyewe, mara moja tu.

Alikuwa amesimamisha gari na kuchomoa ufunguo. Injini haikunyamaza. Aliweka gia ya nne, akakanyaga breki, akaachia klachi. Gari lilitetemeka mpaka meno yakagongana, kisha likarudi katika mlio wake uleule. Akajaribu mara tatu. Akavuta kishikio cha mlango. Kikaja mkononi kilaini, kama kamba isiyofungwa popote. Akajaribu mlango wa kushoto. Vivyo hivyo. Akazungusha mkono wa kuteremsha kioo, ukazunguka na kuzunguka, kioo hakikusogea. Akapanda nyuma akasukuma kifuniko cha mizigo kwa miguu yote miwili. Ilikuwa kama kusukuma ukuta wa kanisa.

Ndipo alipotoa nyundo kwenye kisanduku, akapiga kioo. Kioo hakikupasuka. Hakikulia hata. Nyundo iliingia ikatoka kama mtu anayepiga gunia la unga.

Akanitazama mimi. Akaita jina langu, Kasyoka, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Aliniita huku akipiga kioo kwa kiganja.

Mimi niliona tabasamu na mkono ulioinuliwa.

Watu walipita. Mzee wa kanisa letu aliinama dirishani, akamsalimia, akangoja kidogo kama anayesikiliza jibu, akacheka, akaenda zake. Mama mmoja aliweka kikapu juu ya boneti apumzike. Kaka alipiga kelele mpaka koo likakauka. Kisha akanyamaza, akatazama mshale wa mafuta.

Alikuwa amejaza tangi jana yake.

Alikaa akapiga hesabu, kwa maana yeye ni mtu wa mashine. Injini ile, ikiwa imesimama hivyo, ingeweza kulia siku tatu usiku na mchana kabla tangi halijakauka. Vioo vimefungwa. Jua la Septemba. Hana maji. Kile alichokuwa akijisifia nacho mbele ya watu miezi yote ile ndicho kilichokuwa kimemfungia. Gari lingekuwa mlevi wa petroli, angetoka jioni.

Lakini usukani ulimtii. Gia zilimtii. Akaendesha mpaka kwa Jonah huko Kasikeu, polepole, jasho likimwingia machoni. Jonah alitoka chini ya lori, akapangusa mikono, akaja. Kaka alimwonyesha mlango, akamwonyesha ufunguo uliochomolewa, akashika koo. Jonah alinieleza baadaye alichokiona yeye. Aliona Muthama amekuja kumshukuru. Anasema alimsikia kabisa akisema gari sasa ni zima, lala salama fundi. Ilikuwa saa sita mchana, na Jonah akashangaa kidogo kwa nini anaambiwa alale salama.

Kaka akarudi nyumbani. Saa nane hivi aliingia uani. Alikuwa ameshaacha kutoka jasho, na mtu aliyefanya kazi juani anajua maana yake. Ulimi ulikuwa umeshikana na kaakaa. Aliona Ndila akitoka nyumbani amejifunga kitambaa kichwani, Biblia mkononi, akienda mkutano wa akina mama.

Ndila aliliona gari, akafurahi. Akaja upande wa kushoto.

"Baba Ndanu," alimwita kwa jina la mtoto wao, "nipeleke basi. Jua ni kali."

Akashika kishikio.

Na kaka akakiona kitufe cha kufuli, kile ambacho alikuwa amekivuta kwa vidole na kwa koleo mpaka kucha moja ikang'oka, kikiinuka chenyewe. Taratibu. Tik.

Mlango ulianza kuachana na gari. Upana wa kidole. Hewa ikaingia, hewa baridi yenye harufu ya ua wetu, ya majivu na mbuzi. Kaka aliivuta yote.

Akaelewa. Mlango ule ulikuwa wa kuingilia. Ndila angeingia, usingefunguka tena. Na akaelewa lingine: kama angekuwa mwepesi, kama angemvuta Ndila ndani na yeye mwenyewe kuruka nje, kungekuwa na mtu mmoja ndani na mmoja nje.

Aliniambia hivi, akitazama chini. "Nilingoja, Kasyoka. Nilimwacha avute. Pumzi moja nzima niliwaza hivyo."

Kisha akaachia klachi.

Gari liliruka mbele. Ndila akaanguka magoti, Biblia vumbini. Mlango ulijifunga kwa kishindo. Katika kioo kidogo cha juu kaka alimwona mkewe akiinuka, mdomo wazi, akimtazama kwa uso ambao hakuwahi kuuona kwake. Ndila, kwa upande wake, alikuwa ameona mumewe akimtazama, akicheka, akiondoka.

Chini ya shamba letu kuna mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi hauna maji juu, akina mama huchimba visima humo. Kaka aliteremka huko kwa njia ya ng'ombe. Alikuwa amekumbuka kitu kimoja. Dizeli haihitaji ufunguo. Haihitaji umeme. Lakini lazima ipumue.

Akageuza gari katikati ya mto. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Gari liligonga ukingo wa mchanga kwa matako. Likazama kidogo. Akakanyaga tena. Mchanga ukaporomoka nyuma, ukafunika bampa, ukafunika bomba la moshi. Injini ikabadilisha sauti. Moshi ukatafuta njia, ukaja ndani, mweusi, kutoka chini ya viti. Akafunga macho. Akakanyaga.

Ka. Ka. Ka.

Anasema ilikuwa kama kumshika mtu shingo.

Ka.

Kimya.

Mlango wa kushoto ulifunguka kwanza. Kisha wake.

Alitambaa mpaka kwenye kisima, akanywa maji pamoja na mchanga. Alifika nyumbani jua likizama. Ndila alimtengea chakula, akampa mgongo. Walilala hivyo.

Asubuhi kaka alituambia gari limezama mtoni, lakini akakataa kurudi huko. Tulienda watatu, mimi na Ndila na Jonah tuliyemwita kutoka Kasikeu, kuona kama gari litavutika. Ndila bado alikuwa na hasira, alitembea mbele. Tulipoingia kwenye njia ya ng'ombe, pale vumbi ni laini kama unga, alisimama.

Nyayo za kaka zilikuwa pale, zikipanda kuja nyumbani. Sote tulivijua viatu vyake, vile vya tairi. Kando yake, hatua kwa hatua, zilikuwa nyayo nyingine. Za viatu vya ngozi, vyembamba mbele, kisigino kidogo chenye alama za misumari. Viatu vya mtu wa ofisini.

"Alikuja na nani?" Ndila akaniuliza, kwa kunong'ona. "Mimi nilipakua sahani moja."

Tulizifuata kwa kurudi nyuma mpaka mtoni. Gari lilikuwa pale, limezama matako, milango yote miwili wazi. Nyayo za tairi zilianzia mlango wa kulia, zikaenda kisimani, ndipo zikapanda. Za ngozi zilianzia mlango wa kushoto. Pale kisimani zilikuwa zimesimama kando ya mahali alipolala kaka kunywa, ncha zimemwelekea. Zilikuwa zimemngoja.

Jonah hakuligusa gari. Alituambia amesahau kamba Kasikeu, akaondoka kwa haraka, wala hakuja tena. Mvua ya Novemba ililichukua, na kama lipo chini ya mchanga au lilifika mto Athi, sijui. Kaka alikwenda Kitui kumtafuta Mulei, akakuta nyumba tupu. Jirani alimwambia Mulei alihama jioni ileile aliyouza gari, akatembea kwa miguu, akakataa lifti ya kila mtu.

Lakini asubuhi ile, tulipobaki wawili, Ndila alinishika mkono tukazifuata zile nyayo upya, safari hii kuelekea nyumbani. Zilipanda njia yote kando ya za kaka. Zikapita langoni. Zikakatiza uani, mahali Ndila alipoanguka magoti jana. Zikafika kwenye ngazi ya mlango, na juu ya saruji palikuwa na mchanga mbichi wa mto, umbo la kiatu kimoja, ncha ikielekea ndani.

Tulizunguka nyumba mara mbili tukitafuta za kutoka.