Mlango wa Kijani wa Asmani

Nilikwenda kurudisha chekeche la unga. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu, na chekeche nililishika kweli, lakini nisiwadanganye: nilikwenda kuona mlango.

Rumonge nzima ilikuwa inausema. Mdogo wangu Uledi, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuwa ameongeza chumba uani kwake, akakitia mlango wa mvule, mzito, wa rangi ya kijani. Mkewe Chausiku akatangaza umetoka Bujumbura. Bujumbura gani? Mwaka ule wa sabini na mbili, baada ya zile vurugu, nyumba nyingi zilibaki bila watu, na kila aliyejenga alijua pa kuokota bati na mbao bila kumuuliza mwenyewe. Usiku watu walibeba, mchana wakasifiana nyumba.

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo. Uani kimya, hata kuku hawakuwepo. Chumba kipya kimesimama peke yake, mlango umetiwa kufuli kwa nje.

Nikausogelea, nikaupapasa. Karibu na bawaba vidole vikakuta alama za kisu, moja juu ya nyingine. Nilizijua. Asmani fundi cherehani, rafiki mkubwa wa Uledi, alikuwa akipima kimo cha wanawe pale, kila Idi.

Kumbe!

Nilitaka kucheka, maana habari hiyo ingenitosha wiki nzima. Ndipo nikasikia...

Ko. Ko. Ko.

Kwa ndani.

"Hodi..." Sauti ya mtoto.

Nani anapiga hodi akiwa ndani? Lakini mdomo wangu haujawahi kunisubiri.

"Karibu!" nikasema.

Harufu ikapenya chini ya mlango: utambi uliozimika, jasho la watu wengi mahali padogo. Halafu kikohozi, kama kilichozibwa na kiganja cha mama.

"Wifi..."

Niliruka. Chausiku alikuwa nyuma yangu, ndoo ya maji kichwani.

"Umeitika?" akanong'ona. "Kila magharibi wanabisha. Mimi siitiki. Mbona umeitika, wifi?"

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mutu. Iko magunia ya muhogo tu. Muulize ndugu yako."

Uledi alikuwa amefika, wavu begani. Alitutazama, akajua.

"Uledi, huu mlango ni wa Asmani. Si ulisema walivuka mpaka, wako Kigoma?"

Akauweka wavu chini polepole.

"Aliniomba niwafungie kwa nje, dada. Yeye, mke na watoto. Wale wanaokamata watu kwa magari wakiona kufuli, waseme nyumba haina watu. Ufunguo akanipa mimi. Magharibi nirudi niwafungulie, niwavushe na mtumbwi."

"Ukarudi?"

"Niliona magari barabarani. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho."

"Halafu?"

"Nilipokwenda, kufuli liko vilevile nilivyoliacha. Nikafungua... Hamna mtu. Dirisha dogo kama sahani, dada. Ukuta mzima. Bati zima. Walitokea wapi?"

"Na mlango ukaung'oa, na kufuli lake!"

"Ningeuacha auchukue mwingine?"

Ko. Ko. Ko.

"Uledi."

Safari hii sauti ya mwanamume. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

"Wafungulie," Chausiku akasema, analia. "Si uliwaahidi?"

Uledi akauvua ufunguo shingoni. Kumbe siku zote alitembea nao! Kamba ilikuwa imemchora ngozi. Akafungua kufuli, akaniwekea mkononi pamoja na ufunguo. Mlango ukajisogeza kidogo. Giza. Akavua kandambili zake, kama mgeni.

"Hodi," akasema ndugu yangu, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Ndani wakaitika, wakubwa kwa wadogo:

"Karibu."

Akaingia. Mlango ukarudi, taratibu, na upepo haukuwepo.

Chausiku alipoleta taa tukausukuma, tukakuta magunia ya muhogo tu. Ukuta mzima. Bati zima. Nikamulika mlango. Juu ya alama za watoto palikuwa na alama mpya, mbao bado nyeupe, kwenye kimo cha mtu mzima.

Kimo cha Uledi.

Chausiku akaninyang'anya kufuli, akafunga, akakimbia. Hakulala tena pale. Alirudi kwao Magara.

Wapo wanaosema Uledi alitoroka kwa aibu, anauza dagaa Ujiji. Habari hiyo niliieneza mwenyewe, maana ukiiamini unapata usingizi kidogo. Nyumba ile haikupata mtu wa kuitaka, wala mlango haukuibwa, na hii ni Rumonge!

Mimi nakaa ng'ambo ya njia. Ufunguo ninao, nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Magharibi ikifika, nasogeza kigoda changu mpaka jikoni, natwanga hata kama hakuna cha kutwanga. Lakini nasikia.

Ko. Ko. Ko.

"Dada Esha... hodi."

Mimi, ambaye mtaa mzima unaniita redio, nafumba mdomo. Nashika pindo la kitenge.

Nasema kesho.