Bima ya Pikipiki ya Kijiji

Kaka yangu Sadala alitoka nyumbani mchana wa Ijumaa kwenda msikitini. Hakurudi. Pikipiki ya kijiji ilimgonga penye kona ya kisima, hapa Kwedizinga, mwaka 1975. Alikufa tukiwa bado tunatafuta gari la kumpeleka hospitali. Naandika ili tusisahau.

Pikipiki ile tuliinunua wote, kwa mavuno ya shamba la ujamaa. Aliyetuuzia alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, Korogwe. Siku ile aliiendesha Kibwana, mwuza duka la kijiji. Hakuwa na leseni. Viongozi walisema ni mali ya wote, basi yeyote aendeshe.

Baada ya arobaini alikuja mwenyekiti wetu, mzee Semboja, na madebe mawili ya mahindi. Wifi yangu Mwantumu, mjane wa Sadala, alikuwa bado katika eda. Alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia.

"Poleni sana," mwenyekiti alisema. "Ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakununua pikipiki," Mwantumu alijibu kutoka ndani. "Mlinunua nyinyi. Mkampa mtu asiyejua hata breki iko wapi!"

"Taratibu, mama. Pikipiki ina bima. Watoto watalipwa. Cheti nimekifunga kwenye nailoni, kiko sandukuni."

"Shikamoo mzee," nikaingilia. "Umekisoma?"

"Kina muhuri!"

"Sikuulizi muhuri. Umekisoma?"

Alikwenda akakitoa sandukuni, akanipa.

Kesho yake nilikipeleka cheti Manundu, mjini Korogwe, kwa karani wa bima aliyeitwa Ernesti.

"Dada, jina hili la nani?"

"La aliyetuuzia."

"Basi hii ilikuwa bima yake. Haikuhamia kwenu mliponunua. Ilibidi mje kukata yenu."

"Na watoto wa kaka yangu?"

"Sisi hatuna cha kuwalipa. Wa kudaiwa ni mwenye pikipiki. Ni kijiji chenu."

Nilisimama. Nilipiga meza yake kwa kiganja. Ernesti hakunifukuza. Alisema polepole:

"Sheria inataka kila pikipiki ya barabarani iwe na bima, ili mtu akiumizwa, yeye au watu wake wapate fidia. Iwe kwa jina la mwenye mali wa sasa. Tazameni tarehe ya mwisho, maana baada ya hapo ni karatasi tu. Na anayeendesha awe na leseni. Kawaambie hivyo hivyo."

Niliwaambia mbele ya mkutano wa kijiji.

"Hatukujua," alisema mwenyekiti.

Mzee Lekishon, mfugaji wa bondeni, alicheka kwa dharau. "Ng'ombe niliyemwuza akila shamba la mtu leo, siitwi mimi. Anaitwa aliyemnunua. Hata hili mpaka karani awaambie?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mezani. Niliuchukua mbele yao nikampelekea wifi.

"Bila bima haitoki," Mwantumu alisema. "Anayeutaka ufunguo aje auombe hapa, penye pazia langu."

Hakuja mtu. Kwa wiki saba viongozi walikwenda mjini kwa miguu. Ndipo walipokata bima kwa jina la kijiji, wakamchagua Mhina kuwa mwendeshaji, naye akafanya mtihani wa leseni. Mwantumu alisomewa cheti chote, jina na tarehe, kabla ya kutoa ufunguo.

Mwaka uliofuata pikipiki iliteleza kwenye matope ikamvunja mguu Naisimoi, binti wa Lekishon. Bima ililipa matibabu, ikampa na fidia. Mwenyekiti alijisifu mkutanoni kwamba kijiji chetu kina utaratibu. Nilitoka nje.

Kwa Sadala, kijiji kiliahidi kumlimia mjane wake ekari moja kila msimu. Walilima msimu mmoja.

Msimu huu Mwantumu analima mwenyewe.