Sauti ya Melk Ilivyohamia Jabalini

Mwangwi haukurudi. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na Zenz peke yake ndiye aliyeligundua, kwa sababu Wisi alikuwa anaishangilia spika yake, na Melk, baba yake Zenz, ameketi mlangoni na kikombe cha maziwa ya asali, shingo imefungwa skafu.

Pale Gruenbalm, malisho ya juu kabisa katika milima ya Uri, kila jioni ng'ombe wakishakamuliwa, mwenye kundi husimama penye msalaba, akaweka mdomoni faneli kubwa ya mbao ya kuchujia maziwa, akaiita sala pande zote nne. Huwataja watakatifu Maria, Antoni na Wendelin, na kuwakabidhi watu na mifugo. Sauti inapofika, kiovu hakivuki. Isipofika, kila mtu na lwake. Mzee Melk Zgraggen aliita hivyo miaka thelathini na mmoja, na msinibishie, nilikuwa nikimsikia kwa masikio haya haya nikiwa bondeni, treni inapita.

Ng'ambo ya jabali jeusi kuna jini. Hapo kale alikuwa mchungaji kama sisi, akamsukumia ng'ombe wa mjane gengeni ili nyasi ziwatoshe wa kwake. Alipokufa akaamriwa amrudishe mzima. Nyama na mifupa ameshaviokota chini ya genge, ila ngozi ilichanika kwenye mawe. Basi anatafuta nyingine.

Mwezi wa saba koo la Melk likavimba, sauti ikakauka kabisa.

"Niache niite mimi, baba," Zenz akamwambia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na jibini yote ya pale ilitoka mikononi mwake.

Melk akatikisa kichwa. "Hapa haijawahi kuitwa na mwanamke," akanong'ona.

"Haijawahi tangu lini?"

"Tangu milima."

Wisi, mkamuaji wao wa kuajiriwa, mtu asiyejua kunyamaza hata kanisani, akachomoa simu mfukoni. "Mzee, si nilikurekodi mwaka jana nimwonyeshe dada yangu? Na spika ya sherehe ninayo. Tukiichomeka kwenye faneli hiyo, hata watakatifu wataziba masikio."

"Na Mungu anapokea sala ya simu?" Zenz akauliza.

"Zenz wewe! Mungu ana mtandao mpaka juu ya barafu. Wewe ndiye huna."

Melk akacheka bila sauti. Akakubali.

Sauti ilivuma mbali kuliko koo lolote lilivyowahi kufika. Jabali likaimeza, lisirudishe hata neno.

Jioni ya pili kibanda kikanuka maziwa yaliyoungua, ilhali sufuria la shaba lilikuwa limeoshwa na kukauka. Asubuhi ya tatu wakamkuta Bruna, ng'ombe kiongozi, amesimama katikati ya wenzake hana ngozi. Amesimama, nasema, na anacheua. Nzi walikuwa wamemfunika kama nguo. Melk akamkata koo mwenyewe, machozi yakimdondoka kwenye kisu.

"Mbwa mwitu," Wisi akasema.

"Mbwa mwitu?" Zenz akanong'ona. "Amemvua kengele, amemchuna, kisha akamfunga mkanda wa kengele tena? Tena tundu lile lile?"



Saa kumi alasiri ukungu ukashuka. Walikuwa watatu mezani, spika imezimwa iko mbele yao kando ya mkate, waliposikia sauti ya Melk jabalini, safi, ya ujana wake, ikiwaita ng'ombe jina kwa jina. Melk alikuwa ameketi pale pale, mdomo amefumba.

"Ni spika," Wisi akasema.

"Spika si hii hapa?"

Kengele zikaanza kusogea, zote kwa pamoja, kuelekea gengeni, na Wisi, ambaye lazima tumsifu kwa hili, akanyakua fimbo akakimbia kuwazuia, akatukana mara mbili, mara ya tatu tusi likageuka ukelele, na ukelele ule ukaendelea muda mrefu kuliko pumzi ya mtu inavyoweza kudumu, halafu zikasikika zile kengele za mbele zikianguka moja baada ya nyingine, zikigonga mwamba, zikigonga tena chini zaidi, na Melk akasimama akaifuata sauti yake kama mtu aliyeibiwa mali akamwona mwizi, faneli mkononi, binti yake nyuma anamvuta koti, mpaka penye msalaba, na hapo ukungu ukafunguka, lile jini likatoka limevaa ngozi ya Bruna, kwato zinaning'inia kifuani, na juu yake, mahali pa uso, limejipachika uso wa Wisi, nao ulikuwa mdogo, umechanika pembeni mwa mdomo.

"Zenz mwanangu," likasema kwa sauti ya baba yake. "Njoo unikamate mkono."

Likamkaba Melk shingoni, likamwinua miguu ikaacha nyasi. Melk akamtazama binti yake. Akamrushia faneli.

Zenz akaita. Upande wa kwanza, kengele zilizobaki zikasimama. Upande wa pili, mkono mmoja ukaachia. Upande wa tatu sauti ikamkwaruza, na lile likacheka kwa sauti ya Melk, likizamisha kucha. Upande wa nne aliita mpaka damu ikamjaa mdomoni, na jini likavutwa nyuma kwenye ukungu kama limefungwa kamba, kucha zikiondoka na ngozi ya Melk kuanzia sikio hadi begani.

Ng'ombe kumi na mmoja walikwenda chini. Wisi, tulizika kile jini lilichobakiza. Melk yu hai, na kovu lile nimelipapasa kwa kidole changu. Anayesema ni uongo aje, nitamlipia nauli.

Siku hizi anayeita ni Zenz. Akiwa malishoni hasemi na mtu tangu alfajiri, jibini anakuonyesha kwa kidole, na watu wa bondeni wanadai ana maringo. Anaitunza sauti yake. Mwangwi nao unarudi vizuri, pande zote nne.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimesimama karibu naye. Kwenye upande wa tatu alikohoa. Mara moja tu.

Jabalini, sauti ya Wisi ikamuuliza kwa upole, kama alivyokuwa akimtania mezani:

"Zenz wewe, koo linauma?"