Nyoka wa Vichwa Tisa Kwenye Ndiva

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eliwaza alimkatia ng'ombe wa bibi yake majani, akafagia zizi, kisha akapita kwenye ndiva kunawa miguu. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee wa Upare walichimba huko juu mlimani. Usiku maji ya chemchemi hujaa humo. Asubuhi mgawa maji huchomoa kizibo, nayo maji huteremka mferejini mpaka mashambani. Siku moja ilikuwa zamu ya wajukuu wa Kajiru, siku inayofuata zamu ya wajukuu wa Mavoa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na watoto hawakuuliza kwa nini.

Eliwaza alikuwa wa ukoo wa Kajiru. Faustina, rafiki yake waliyekaa dawati moja darasa la sita, alikuwa wa ukoo wa Mavoa. Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa. Maharage yalikuwa yameota, lakini kila mchana majani yake yalijikunja kwa jua, na watu wakawa wanaitazama ndiva kama watoto wenye njaa wanavyoitazama sufuria.

Jioni moja Bibi Raheli alimwita mjukuu wake jikoni.

"Eliwaza, mwalimu wenu si amewaambia muulize habari za ndiva, nani aliichimba na aliichimbaje? Kaa hapa nikusimulie."

"Kesho, bibi. Leo nimechoka."

"Na juzi ulisema hivyo hivyo."

"Kesho kweli, bibi."

Bibi Raheli akacheka kidogo, akaendelea kupukuchua mahindi. Hakuwa mtu wa kulazimisha.

Tuseme ukweli, Eliwaza hakuwa amechoka. Mwili ulikuwa mlimani lakini mawazo yalikuwa Same mjini, kwenye kibanda cha Mjomba Abednego, alikokaa likizo nzima. Mjomba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge bondeni mpaka shamba lilipofungwa. Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, naye kwa kiinua mgongo chake akanunua televisheni na mashine ya gemu, akafungua kibanda karibu na stendi. Watoto wa mjini walijazana humo mpaka joto likawa kama la tanuri.

Gemu alilolipenda Eliwaza lilikuwa la miungu ya Wagiriki wa kale. Mkubwa wao, Zeu, alikaa juu ya mawingu akirusha radi. Ndugu yake, Hadesi, alikuwa na pembe na macho mekundu, naye ndiye aliyekuwa adui, akitaka kuiteka dunia. Shujaa aliitwa Herakle, na misuli yake ilijaa kioo kizima. Kila alipoua zimwi, mungu mmoja alishuka akamzawadia nguvu mpya: huyu viatu vya kuruka, yule upanga wa moto. Mwishoni alipambana na nyoka wa vichwa tisa aliyelinda maji. Ukikata kichwa kimoja, viliota viwili. Herakle alimmaliza peke yake, na hapo maandishi ya dhahabu yakatokea.

"Binti wa mlimani hatari huyu!" vijana walipiga kelele Eliwaza alipomshinda yule nyoka. "Mjomba, mpwa wako anatuumbua!"

Hakuna mtu aliyewahi kumshangilia Eliwaza namna ile.

Siku ya kusimulia ilipofika darasani, kila mtoto alileta alichosikia nyumbani. Mmoja alisema ndiva ilichimbwa zamani sana, akakaa. Mwingine alisema babu yake amesahau. Mwalimu Tumainieli, aliyehamia mwaka ule kutoka Kwakoa, akamwita Eliwaza.

Eliwaza alisimama. Hakuwa na hadithi. Angeweza kusema, "Mwalimu, sijamuuliza bibi." Ni maneno machache tu. Lakini watoto wote walikuwa wanamtazama, akakumbuka zile kelele za kibandani, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Zamani kwenye chemchemi yetu palikuwa na nyoka wa vichwa tisa," alianza.

Waliokaa nyuma wakasogea mbele. Basi akaendelea. Kajiru alishuka na upanga wa moto. Akakata kichwa kimoja, vikaota viwili. Akapigana peke yake mpaka nyoka akaanguka, na pale alipoanguka ardhi ikabonyea, ndiyo ndiva.

"Na Mavoa je?" Faustina aliuliza. "Babu yetu alikuwa wapi?"

Eliwaza hakuwa amemfikiria Mavoa hata kidogo. "Alikuwa amepanda juu ya mti," alisema. "Alikuwa anatetemeka."

Darasa zima liliangua kicheko. "Mavoa tumbili!" sauti ya mvulana ilitoka nyuma. Faustina aliinamisha kichwa.

Mwalimu Tumainieli hakucheka. "Nyoka huyo kama nimewahi kumsikia mahali," alisema taratibu. "Nani amekusimulia haya?"

"Bibi Raheli mwenyewe, mwalimu."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Huu wa pili ulikuwa na jina la mtu ndani yake.

Hadithi ile ilitoka shuleni na watoto, ikaingia majumbani. Baba mdogo wa Eliwaza, Zefania, aliipenda kuliko wote. Zefania hakuwa mtu mbaya, lakini mahindi yake yalikuwa yanakauka, na mtu ambaye mahindi yake yanakauka hushika chochote. Jumapili baada ya ibada watu walikutana ukingoni mwa ndiva, ambayo siku hizo ilijaa nusu tu. Bibi Raheli hakwenda, kwa sababu goti lilimsumbua, na hakuna aliyepita kumweleza yaliyosemwa.

"Maji hayatoshi koo mbili," Zefania alisema. "Na aliyepigania maji haya ni Kajiru peke yake. Bibi Raheli ndiye mkubwa kuliko sote kijijini, naye amesema. Hata watoto shuleni wanajua. Mpaka mvua inyeshe, wajukuu wa Mavoa wasubiri."

Kwa wajukuu wa Mavoa, neno la Bibi Raheli lilikuwa zito mno kulibishia papo hapo. Asubuhi iliyofuata, iliyokuwa zamu yao, mgawa maji aliyapeleka maji upande mmoja tu.

Faustina alihamia dawati jingine. Eliwaza akipita njiani aliliona shamba lao, maharage yamelala chini, na mama yake Faustina akiyamwagilia kwa kopo, shina moja moja. Eliwaza akaanza kuzunguka njia ya nyuma ili asilione. Lakini hata huko nyuma aliliona kichwani.

Siku chache baadaye Mzee Sebastiani, babu yake Faustina, alipiga hodi kwa Bibi Raheli. Eliwaza alikuwa jikoni anachochea moto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Sebastiani. Karibu kiti. Mbona umekonda?"

"Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, dada. Tumezeeka pamoja. Ni kweli umesema babu yetu alikuwa juu ya mti, anatetemeka?"

Jikoni kuni zilimponyoka Eliwaza mkononi. Bibi Raheli aligeuza shingo, akautazama mlango wa jikoni.

"Mimi sikusema hivyo," alijibu. "Aliyesema yupo. Nipe nafasi kidogo, atakuja kukuambia yeye mwenyewe."

Mzee alipoondoka, bibi hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alimwita Eliwaza karibu, akauliza tu, "Huyo nyoka umemtoa wapi?"

Eliwaza akaeleza huku machozi yanamtoka: kibanda, televisheni, Zeu, Herakle. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Herakle, mama yake nani?"

"Haonyeshwi, bibi."

"Anakula nini?"

"Hali, bibi. Anapigana tu."

"Pole yake." Bibi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi sijui mambo ya Wagiriki, sina ugomvi nao. Lakini mjukuu wangu, neno langu nimelitunza maisha yangu yote, ili nikisema hapa kijijini watu waamini. Wewe umelichukua bila hata kuniomba, ukafungia nalo maji ya watu."

Eliwaza alitamani ardhi impasukie.

Jioni ile, bibi alimsimulia habari ya kweli. Safari hii Eliwaza hakusema kesho.

Asubuhi alimfuata Mwalimu Tumainieli kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu. Nyoka yule si wa Kajiru. Ni wa kwenye gemu, Same. Na bibi hakunisimulia kitu."

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Marahaba. Nyoka huyo nilimsoma chuoni, kwenye kitabu cha hadithi za Wagiriki. Nilipaswa kukubana siku ile ile, na mimi nimekosea. Lakini hebu niambie, kwenye gemu nani alikuwa anashika moto?"

"Herakle mwenyewe, mwalimu. Ana upanga wa moto."

"Wagiriki hawakusimulia hivyo. Herakle alikata vichwa, ndiyo, lakini mtoto wa ndugu yake, Iolao, alisimama pembeni yake na kienge cha moto. Kila kichwa kilipokatwa, Iolao alichoma shingo ili visiote vingine. Bila yeye, Herakle angekuwa anakata mpaka leo."

"Iolao hayupo kwenye gemu."

"Wamemtoa. Mchezaji ni mmoja, basi wakataka shujaa awe mmoja. Na Hadesi hakuwa na pembe. Yeye na ndugu zake walipiga kura kugawana ulimwengu, yeye akaangukiwa na nchi ya wafu, akakaa huko anafanya kazi yake. Gemu lilitaka adui, likampa pembe. Hata Herakle mwenyewe hakuwa anatafuta zawadi. Alikuwa ametenda kosa baya sana nyumbani kwake, akawa anatembea na aibu, ndiyo maana alipewa kazi ngumu. Moja ilikuwa kusafisha zizi la ng'ombe lililokaa miaka mingi bila kufagiliwa."

"Kwenye gemu hakuna zizi, mwalimu."

"Nani atalipa akazoe mavi?" Mwalimu alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Waliolitengeneza wamebadilisha hadithi ili ichezeke, na hakuna Mgiriki aliyekosa maji kwa ajili hiyo. Wewe je?"

Eliwaza alitazama miguu yake. Aliona sasa alichofanya. Wao walimtoa Iolao. Yeye alimtoa Mavoa.

Jumapili iliyofuata watu walikutana tena. Bibi Raheli alikuja polepole, fimbo mkono mmoja, bega la Eliwaza mkono mwingine. Walipofika, aliliachia lile bega.

"Nenda," alisema.

Eliwaza alisimama juu ya ukingo.

"Shikamooni. Hadithi ya nyoka niliitunga mimi. Niliiona kwenye gemu la televisheni. Bibi hakusema. Nilimsingizia."

Mtu mmoja akapasuka kicheko. "Kumbe maji yamefungwa na televisheni!" Wengine wakacheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko fimbo. Masikio yalimwaka moto.

"Mtoto ametishwa huyu," Zefania alisema. "Nani amekutuma, Eliwaza?"

"Hakuna, baba mdogo." Eliwaza hakukaa. "Kajiru ndiye aliyeiona chemchemi na kuanza kuchimba. Akakutana na mwamba, akashindwa, akataka kuacha. Mavoa alikuwa mhunzi, alijua kazi ya moto. Wanawake wa kwao walibeba kuni, wakauchoma mwamba mpaka ukawa mwekundu, wakaumwagia maji ya baridi, ukapasuka. Ndipo koo zote mbili zikatoka msaragambo, kazi ya pamoja, wakamaliza ndiva. Ndiyo maana zamu ni mbili. Mavoa hakupanda mti wowote. Mzee Sebastiani, naomba unisamehe. Faustina, nisamehe."

Macho yote yakamgeukia Bibi Raheli. "Hivyo ndivyo nilivyosikia kwa mama mkwe wangu," alisema. "Na alama za moto ziko pale kwenye mwamba. Zefania, hukuja kuniuliza. Ungetembea kidogo tu kutoka kwako mpaka kwangu."

Zefania alikuna kisogo. Alisema chini chini, "Nilitaka iwe kweli, mama." Kisha kwa sauti, "Zamu yetu ya kesho wachukue wao. Na ile inayofuata."

Asubuhi kizibo kilichomolewa, maji yakaingia shamba la akina Faustina. Eliwaza alikuwepo na jembe tangu mapema, akifungua njia za maji kati ya matuta. Faustina alikuja na jembe lake, akasimama mbali kidogo.

"Mbona ulimpandisha babu yangu juu ya mti?"

"Sikujua pa kumweka."

"Ungemwacha chini tu, amesimama."

"Ndiyo," Eliwaza alisema. "Ningemwacha chini."

Wakaendelea kulima. Maharage mengi yaliinuka baada ya siku chache, lakini matuta ya juu hayakuinuka tena, na Eliwaza aliyaona kila alipopita. Hakuzunguka tena njia ya nyuma.

Jumamosi aliuliza kama ataruhusiwa kwenda Same likizo ijayo, au gemu sasa ni marufuku. Bibi Raheli alikuwa anapeta mchele.

"Kwa nini iwe marufuku? Cheza. Hata mimi nikija Same nitamtazama huyo Herakle wenu. Hadithi kubadilishwa si kosa, mradi anayesimulia aseme kwamba hii nimeitunga mimi. Kosa ni kuificha tungo yako ndani ya jina la mtu mwingine, watu wakaijengea hukumu. Kama hujui, sema sijui. Aibu yake ni ndogo, inaisha siku hiyo hiyo. Na ukimsifu mtu, wa kwenu au wa mbali, mtaje na yule aliyeshika moto pembeni yake. Ukimtoa yule, kuna nyumba mahali fulani inakosa maji."