Mkopo wa Marehemu Eustaquio

Katika mji wetu wa Bantigan hakuna mtu asiyeijua amri hii: usitie sahihi yako kwenye karatasi ambayo hukuisoma hadi mstari wa mwisho. Masista waliojenga shule yetu waliiandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa darasa la hesabu za biashara, nami nilifundisha chini ya maandishi hayo kwa miaka thelathini na minne. Hata wauza samaki ambao hawakuvuka darasa la nne huitumia kutaniana. Mmoja wao akiletewa bakuli la mchuzi na jirani, humwuliza, "Nile, au nisome kwanza?" Basi msije mkadhani kwamba haya nitakayoyasimulia yalitokea kwa sababu mtu hakufundishwa.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi, baada ya misa, nilialikwa chakula nyumbani kwa Dionisio Sumagaysay, mhasibu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Nyumba yake ni ya mawe, karibu na daraja, na wakati ule alikuwa bado anailipia benki. Tulikula samaki wa kuchoma na supu ya majani ya mlonge. Mama yake mzazi, Nanay Pacing, yaani Mama Pacing, alikuwa ameleta wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mnazi, ambao ameuuza sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Upepo wa mtoni ulipita dirishani, na sote tulikuwa tumeshiba na tumeridhika.

"Mwalimu, leo utuamulie," akasema Marivel, mke wa Dionisio, ambaye ni muuguzi katika zahanati. "Redioni wamesema uhasibu ni wito. Mume wangu anasema ni kazi tu."

"Ni kazi tu," akasema Dionisio. "Nani aliwahi kuamka asubuhi akaiimbia leja?"

"Wewe unaiimbia kabureta."

"Kabureta inaitika."

Nanay Pacing akamenya jani lake taratibu. "Na huo wito," akauliza, "unalipa umeme?"

Tulicheka. Lakini kicheko changu kilikuwa na doa, na sharti niwaambie sababu yake. Dionisio alipokuwa na miaka kumi na sita alitaka kuwa fundi wa injini. Mimi ndiye niliyekwenda kwa baba yake, Eustaquio, seremala mnyoofu, nikamwambia kwamba kijana mwenye kichwa cha hesabu namna ile asiachwe apotelee kwenye oili. Baba akakubali, na mwana akatii. Alipofaulu mtihani wa bodi ya wahasibu, wazazi wake walitundika barabarani bango lenye picha yake, refu kuliko nyumba waliyokuwa wakiishi. Kila nilipomwona akikunja uso mbele ya vitabu nilijilaumu moyoni, nikadhani kwamba kasoro yake ni kutoipenda kazi niliyomchagulia. Nilikosea. Kasoro ilikuwa kwingine.

Kwa miaka saba Dionisio alikuwa mkaguzi wa hesabu za chama cha akiba na mikopo cha wanawake wa soko. Kila mwaka, mwanzoni mwa Aprili, meneja wa chama hicho, Arsenio Tubig, alimletea hesabu zikiwa zimeshapangwa na kupigwa chapa, pamoja na bahasha ya peso elfu kumi na tano, ambazo zilikuwa ujira halali wa ukaguzi. Aprili ile Marivel alikuwapo ofisini. Alimwona mumewe akifunua ukurasa wa mwisho tu na kuchukua kalamu.

"Umesoma?" akamwuliza.

"Nilisoma mwaka jana."

"Hizi si za mwaka huu?"

"Marivel, wauza samaki ni walewale, na samaki ni walewale."

Arsenio akacheka, akamwita Marivel dada kwa heshima ya kwetu. "Mumeo ana macho mepesi, Manang. Ndiyo maana tunampenda."

Nataka mwelewe jambo moja, ndugu zangu. Dionisio hakuwa mwizi. Hakupokea hata senti moja ya hongo. Alilipa kodi, hakunywa pombe, aliwapeleka watoto wake shuleni kwa wakati. Alikuwa mtu mwema aliyechoka na kazi yake, akaona kwamba kwa kuwa haipendi, haidai chochote zaidi ya jina lake.

Mwezi wa Juni daktari alimwambia Nanay Pacing kwamba macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na kwamba asikawie kupasuliwa. Dionisio alitaka kulipa. Mama akakataa. "Macho ni yangu, na nina pesa zangu," akasema. Alikuwa na akiba ya peso elfu sabini na moja na mia nne katika chama kile, alizoziweka kidogo kidogo kutokana na wali wake. Akavaa gauni lake la misa, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la malipo.

Karani, msichana aitwaye Lorna, alifungua daftari, akasita.

"Nanay, akiba yako imezuiwa."

"Na nani?"

"Na mkopo wa mume wako. Alikopa elfu themanini, Februari ya mwaka juzi. Hajarejesha hata mara moja, na deni la mume hushikwa kwenye akiba ya mke."

Waliokuwa kwenye foleni wakasogea kusikiliza.

"Eustaquio wangu?"

"Eustaquio Sumagaysay. Ndiyo huyu hapa."

"Mwanangu," akasema Nanay Pacing, "Februari ya mwaka juzi Eustaquio alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini. Alikuja na nani kuchukua hizo pesa?"

"Labda alimtuma mtu, Nanay," akasema mmoja wa nyuma, na wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya.

Lorna alikuwa amepauka. Akashika kile alichofundishwa. "Lakini orodha imekaguliwa, Nanay. Tazama sahihi hapa chini."

"Sioni. Nisomee."

Msichana akasoma: Dionisio E. Sumagaysay, mhasibu mwenye leseni.

Nanay Pacing aliomba nakala ya orodha ile, akaikunja, akarudi kwa miguu. Alimkuta mwanawe ameinamia injini ya gari uani. Marivel, aliyekuwa akianua nguo, ndiye aliyenieleza yaliyosemwa.

"Toto," akasema mama, kwa maana ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa, "baba yako alikufa lini?"

Dionisio akataja siku, mwezi na mwaka bila kuinua kichwa. Alizijua vizuri. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, yeye ndiye aliyezipaka rangi upya tarakimu zile kwenye kaburi.

"Basi huyu aliyekopa ni nani?"

Akafuta mikono, akapokea karatasi, akaisoma mara ya kwanza. Ilikuwa na majina arobaini na moja ya watu waliodaiwa na chama. Jina la baba yake lilikuwa mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza. Mstari wa tatu, ndugu zangu. Tena alikuwa ameipitisha mara mbili, kwa miaka miwili mfululizo. Akaendelea hadi mwisho. Watu kumi na mmoja aliowajua walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wengine kadhaa hakuna mtu wa Bantigan aliyewahi kuwasikia.

"Nay," akasema, "kesho nitakulipia macho."

"Kwa pesa ipi?"

"Yangu."

"Uliyolipwa kwa kutosoma? Sitaki. Nataka zangu, kwa dirisha lilelile."

"Daktari alisema usichelewe."

"Aliyechelewa ni mimi?"

Dionisio akaisoma karatasi tena tangu juu.

Jioni ile Arsenio alitoweka. Wiki tatu baadaye alikamatwa bandarini katika kisiwa kingine. Mahakama iliamuru mashamba yake yauzwe, lakini yalitosha kurudisha sehemu tu ya kilichopotea. Wakili alimshauri Dionisio aiambie bodi ya wahasibu kwamba alidanganywa, maana aliyedanganywa huonewa huruma.

"Nilidanganywa na nani?" akamjibu. "Jina la baba lilikuwa wazi. Hakuna aliyelificha."

Bodi ikamnyang'anya leseni kwa miaka miwili na kumtoza faini ya peso elfu hamsini. Juu ya hayo, yeye mwenyewe aliwaahidi wanachama kuwarudishia ujira wote wa miaka saba, peso laki moja na elfu tano, kwa kuwa, alisema, hakuna mwaka hata mmoja alioufanyia kazi. Mshahara wa Marivel ukaenda wote kwenye chakula na benki, naye Dionisio akaajiriwa kwenye gereji, mchana kutwa chini ya malori. Wako waliosema kwamba hatimaye amepata alichokipenda. Mimi nilimwona akirudi nyumbani siku zile, na hakuwa akiimba.

Chama kilileta mhasibu mwingine kutoka jijini ili kutenganisha madeni ya kweli na ya uongo. Dionisio akaomba amsaidie bila malipo. Kila asubuhi, kabla ya gereji, alikaa kwenye meza sokoni, akawaita wanachama mmoja mmoja na vitabu vyao vya akiba, akalinganisha kila mstari na leja. Vitabu vilikuwa mia mbili themanini na sita. Siku za kwanza wanawake walimtupia vitabu hivyo mezani kama maganda.

"Leo unasoma kweli, au umekuja kupunga upepo?" akamwuliza Manang Salvacion, muuza samaki mwenye sauti kuliko wote. "Na hilo doa ni damu ya samaki. Usije ukaliandika kama amana."

"Nimeliona, Manang," akasema Dionisio. "Ukurasa wa tisa kuna jingine."

Manang Salvacion akakichukua kitabu, akafunua ukurasa wa tisa, akatazama. Kisha akavuta kigoda akakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtupia kitabu.

Wiki ya kumi nilimpitia. Nilikuwa bado nimeshikilia swali langu la zamani, nikamwuliza kama sasa ameanza kuipenda kazi hii.

"Hapana, Mwalimu. Mgongo unaniuma, na tarakimu ni zilezile." Akageuza kitabu kilichokuwa mbele yake ili nikione. "Lakini tazama. Manang Salvacion ameweka peso hamsini kila Jumanne kwa miaka tisa. Jumanne moja tu hakuweka. Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa leba."

Nilikuwa nimefundisha somo hili miaka thelathini na minne, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia mwanafunzi yeyote atafute Jumanne ile.

Mwezi wa Aprili uliofuata Dionisio alikamilisha laki moja na elfu tano. Mkutano wa wanachama ukafuta mikopo yote ya uongo, na jina la Eustaquio likaondolewa katika orodha ya wadaiwa. Ikaamuliwa pia kwamba fedha alizorudisha Dionisio zianze kulipa akiba za wagonjwa. Hivyo Nanay Pacing akapanga foleni tena, akapokea pesa zake zote kwa dirisha lilelile, na stakabadhi juu. Alijua zilikotoka. "Zimepita mahali pake," akasema, akazipokea.

Lakini alikuwa amengoja miezi kumi. Daktari aliliokoa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limeharibiwa na shinikizo la ndani ya jicho, na halikurudi. Sisemi kwamba ukaidi wake hauna sehemu katika hasara hiyo. Una sehemu, na yeye mwenyewe anakiri. Siku alipofunguliwa bandeji alimtazama mwanawe.

"Umekonda, Toto," akasema. "Jicho moja linatosha kuliona hilo."

FUNDISHO

Wazazi, na sisi walimu, tumezoea kubishana kama kazi ya kijana ni wito au ni riziki tu. Nami nimebishana sana, na nimepoteza muda. Wako wanaoipenda kazi yao na bado wanaifanya vibaya, na wako wasioipenda ambao watu huwategemea bila hofu. Ninawasihi mzisikilize nyoyo za watoto wenu kabla ya kuwachagulia njia, maana mimi sikuusikiliza wa Dionisio, na kwa hilo nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Hata hivyo, moyo usiopenda haumpi mtu ruhusa ya kufumba macho. Ninyi vijana mnaosema "ni kazi tu", semeni, si dhambi. Lakini nyuma ya kila tarakimu mnayoipitisha yuko mtu aliyeamka kabla yenu kuitafuta, naye hawadai ninyi kuipenda. Anawadai kuitazama.

Leseni ya Dionisio itarudishwa mwakani. Marivel alimwuliza kama ataichukua, naye akasema ataichukua, lakini atakubali hesabu za vyama vitatu tu, si ishirini kama zamani. Ile faini ya bodi amekuwa akiilipa kidogo kidogo kutokana na ujira wa gereji. Jumatatu iliyopita alipeleka peso elfu sita na mia tano zilizobaki, na sasa hadaiwi.